Mkono Juu, Lindo la Tatu

Mwanamke ambaye kijiji kizima kinamwita Afande ameona watu tisa wakiumizwa ndani ya mwaka mmoja na nusu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa umbali wa chini ya kilomita mia nne kutoka kwake. Aliwaona akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chenye mto alioushona mwenyewe, ndani ya ghala la zamani la pamba, chupa ya chai miguuni. Mmoja alipigwa kwa mnyororo wa baiskeli. Mwingine, mlevi aliyeparamia ukuta asioujua, alishikwa na mbwa wawili, akaacha suruali na nyama kidogo ya paja. Wa tisa alikuwa askari mwenzake, na ndiye aliyebadilisha maisha ya Afande na ya kijiji.

Afande ni jina la utani, ila hakulipata kwa mzaha. Kwa miaka kumi na mmoja alilinda mlango wa tawi la benki mjini. Asubuhi moja waliingia wanaume watatu. Mwenzake wa zamu alikuwa amesinzia kwenye kiti, kofia imeshuka puani. Mmoja wa wale watu alimpiga Afande nyundo upande wa kushoto wa kichwa kabla ya kufungua mdomo. "Walinipiga kwanza, salamu ikafuata," huwa anasimulia. Sikio la kushoto halikurudi tena. Taya lake hulia kila anapotafuna kitu kigumu. Baada ya miezi miwili alirudi kazini, na tangu siku hiyo jambo moja tu lilikuwa likimtia hasira kuliko mwizi: mlinzi anayelala.

Ulipofika mwaka wa barakoa, tawi lilifungwa na kampuni ikapunguza watu. Afande na mume wake walirudi kijijini kwa mume wakiwa na magodoro mawili na redio. Walikuta nyumba nyingi zimefungwa kufuli zilizoshika kutu. Shuleni madarasa mawili yalikuwa yanasoma chumba kimoja, mwalimu mmoja akiwageukia hawa kisha wale. Duka lilifunguliwa siku mbili kwa wiki, na mwenye duka mwenyewe alikuwa akilala juu ya kaunta.

Aliyelifufua lile pahala alikuwa mdogo wa mume wake. Naye alikuwa amerudishwa nyumbani na ofisi yake ya mjini, aendelee na kazi za kompyuta akiwa kwao. Wenzake walipoitwa warudi ofisini, yeye aliomba abaki. Aligundua kwamba waya mkuu wa mtandao ulipita kando ya barabara, hatua mia mbili kutoka ghala ambalo chama cha ushirika kilikuwa kimewaachia popo. Alifukuza popo, akaweka paa jipya, umeme wa jua na meza, kisha akatafuta kazi. Ya kwanza na kubwa ilitoka kwa kampuni ya ulinzi. Badala ya kuweka mtu mjini wa kutazama kamera za maghala ya wateja, kampuni ingeweka watu kijijini, watazame kupitia mtandao. Watu kumi waliajiriwa kwa zamu. Wengine wanne walipata kazi ya kuchapa nyaraka za kampuni nyingine.

Mwaka haukuisha, duka likawa linafunguliwa kila siku. Kinyozi alirudi na kioo chake. Kufuli saba zilifunguliwa. Binti wa fundi seremala, aliyekuwa akiuza vocha za simu mjini, alirudi kukaa kwa baba yake akawa anakaa meza ya pili ghalani, vifaa vya kusikilizia masikioni. Baba yake alimtengenezea kiti chenye mikono, cha pekee pale ndani, na kila aliyekikalia bila ruhusa alitukanwa na fundi mwenyewe.

Afande alikaa meza ya kwanza. Mbele yake palikuwa na picha nane, kila moja kona ya ghala mojawapo. Juu ya nguzo ya kila ghala, kule mjini, palikuwa na kipaza sauti na kinasa sauti kidogo. Akibonyeza kitufe, sauti yake ilisikika uwanjani kote. Kila nusu saa alitakiwa kuita namba ya lindo na kusema neno moja, "Hakiki." Mlinzi alitakiwa kuinuka, kuigeukia kamera na kuinua mkono wa kulia, ionekane kwamba yuko macho. Kanuni ilikuwa ya kampuni. Ukali ulikuwa wa Afande. Alihesabu mpaka tano. Asiyeinua mkono kwa wakati aliandikiwa kosa, na makosa matatu yalikuwa mwisho wa kazi.

Mlinzi wa lindo la tatu, ghala la matairi, alikuwa na makosa mawili.

"Lindo la tatu, hakiki."

Mkono juu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kofia iko wapi?"

"Imepigwa na jua, mama, imezimia. Nimeilaza kivulini."

"Iamshe, uivae."

"Lakini mama, siku moja na mimi nikuone. Mwaka mzima naamkia mzinga wa nyuki juu ya nguzo. Watu wataniona sina akili."

"Ukiwa na akili utakaa macho."

Hawakuwahi kukutana. Afande alimjua kwa namna alivyotembea, goti moja zito kidogo, na kwa kisogo chake. Alijua ana mke na watoto wawili, na kwamba wa pili hataki kuacha ziwa. Kijana huyo, kwa upande wake, alijua sauti tu.

Ilikuwa Jumapili, saa saba na dakika saba mchana. Ghala la matairi lilikuwa limefungwa, mlinzi amekaa peke yake kwenye kreti, ametazama ukuta wa nyuma. Kwenye picha ya tano Afande aliona vidole juu ya ukuta ule, kisha kichwa, upande wa kona ambao mlinzi hakuweza kuuona kwa sababu ya rundo la matairi. Mkono wake ulikwenda kwenye kitufe. Alikuwa amekibonyeza kitufe hicho mara maelfu, na kila mara mdomo wake ulisema kitu kilekile. Safari hii pia ulisema.

"Lindo la tatu, hakiki!"

Kijana aliinuka, akaupa ukuta mgongo, akaigeukia kamera na kuinua mkono. Alikuwa na makosa mawili, hakutaka la tatu.

Sauti kutoka mjini ilipita njia ya simu, ikafika papo hapo. Picha ilichelewa sekunde mbili. Kwa hiyo Afande alisikia nondo ikivunja mfupa huku kwenye skrini kijana akiwa bado amesimama mzima, mkono juu, anatabasamu. Alipofungua mdomo kupiga kelele, "Nyuma yako!" picha nayo ilifika, kijana akaanguka, maneno yakamfia mdomoni.

Walikuwa watatu. Nondo ya kwanza ilimpata kwenye taya. Ya pili ilivunja mkono uleule aliokuwa ameuinua. Alipokuwa chini walimkanyaga vidole mpaka vikaachia funguo. Afande aliwapigia kelele kwa kipaza sauti, akawatukana kwa matusi ambayo hakuna mtu ghalani aliyejua kuwa anayajua. Mmoja aliinua uso, akacheka, akapiga nguzo kwa nondo kama anayegonga kengele. Walifungua geti, likaingia lori. Afande alikuwa ameshaita kikosi cha dharura cha kampuni kwa simu. Kilichukua dakika kumi na tisa kufika. Kwa dakika hizo zote alitazama matairi yakipakiwa, na kila yule mwenye shati jekundu alipopita karibu na kijana alimpiga teke la mbavu, bila haraka, kama dereva anayejaribu upepo wa gurudumu. Binti wa fundi alisimama nyuma ya Afande, kiganja mdomoni. Alipovua vifaa vyake vya kusikilizia, neno la kwanza lilikuwa limeshapita.

Siku mbili baadaye kijana alikuwa hospitali, taya limefungwa kwa waya, mguu umefungwa pingu kwenye kitanda. Polisi walikuwa wameangalia picha. Picha hazikuhifadhi sauti. Zilionyesha mlinzi aliyekuwa akitazama ukuta, ambaye ghafla aliinuka, akaupa ukuta mgongo, akainua mkono, na hapohapo watu wakaruka. Kwa mpelelezi hiyo ilikuwa ishara. Kuhusu kipigo, alisema wezi hudhulumiana.

Kompyuta ya Afande huandika saa kila kitufe kinapobonyezwa. Haiandiki maneno. Maneno huandikwa na mtazamaji mwenyewe baadaye, kwenye kisanduku chenye kichwa "Yaliyotamkwa." Kisanduku cha saa saba na dakika saba kilikuwa bado kitupu. Jumanne asubuhi shemeji yake aliwatoa wote nje, akafunga mlango wa ghala na kuvuta kiti.

"Maneno mawili tu, shemeji," alisema. "Nyuma yako. Si ndiyo ulitaka kusema?"

"Ndiyo nilitaka."

"Basi andika ulichotaka."

"Hapa pameandikwa yaliyotamkwa."

"Usinifundishe kusoma. Mkataba unasema kosa la mtazamaji likimdhuru mtu, mkataba umekufa. Watu kumi, shemeji. Binti wa fundi. Mtoto wa kinyozi. Wewe mwenyewe."

"Nikiandika nyuma yako, yule ataambiwa aliambiwa nyuma yako, akageuka mbele na kupunga mkono. Atafungwa."

"Simjui."

"Mimi namjua."

"Unajua kisogo chake!"

Shemeji alimkamata ukosi wa blauzi, akamsukuma mpaka mgongo ukagonga ukuta wa mabati, na kwa mkono mwingine akavuta kibodi aandike mwenyewe. Afande alikishika kidole kidogo cha shemeji, akakipeleka kisikokwenda. Kilitoa sauti ya kijiti kikavu. Shemeji alipiga magoti, akapiga ukelele uliowaleta watu mlangoni. Kisha, akiwa bado chini, akashika mkono wake kifuani, akalia kwelikweli, machozi na makamasi, akarudia kwamba popo alikuwa amewatoa kwa mikono yake mwenyewe.

Nyumbani, mume wa Afande aliuliza swali moja tu. "Umemvunja cha kulia au cha kushoto?"

"Cha kushoto."

"Afadhali. Ataweza kusaini."

Jioni ile shemeji alibadilisha nywila ya kompyuta ya Afande, asiweze tena kukijaza kile kisanduku. Siku iliyofuata Afande alisafiri kwa saa tisa kwenda mjini, kwa sababu polisi hawakutaka maelezo ya simu. Walitaka karatasi na dole gumba.

Alianzia hospitali. Kijana alikuwa amelala kitanda cha mwisho, kinywa kimefungwa, mkono wa kulia ndani ya plasta hadi begani. Uso ulikuwa umevimba kiasi kwamba kama si ile pingu mguuni Afande asingemtambua. Askari polisi alikuwa kwenye benchi anasoma gazeti la juzi. Mke wa kijana alikuwa sakafuni, anamnyonyesha mtoto.

"Pole, mwanangu," Afande alisema.

Kijana alifumbua macho. Alimtazama mwanamke asiyemjua, kisha akaielewa sauti. Aligeuza kichwa ukutani. Ilimchukua muda na maumivu, maana waya ulikuwa ukivuta, lakini alikigeuza chote.

Mke aliinuka na mtoto ubavuni. "Wewe ndiye yule wa kwenye nguzo?"

"Ndiye mimi."

Mke alimpiga kofi, na kabla halijaisha akaongeza la pili. La tatu lilikuwa la kikombe cha bati, kikampasua nyusi. Afande hakuinua mkono. Alisimama wima, mikono mgongoni, kama alivyofunzwa kusimama mlangoni pa benki. Damu ilishuka mpaka kwenye ukosi. Askari alikunja gazeti.

"Mama, umekuja kutoa maelezo au kupokea?"

"Nimekuja kutoa. Nipeleke kituoni."

Mpelelezi alikuwa mtu mzima mwenye kikohozi. Aliandika kwa mkono, polepole, na kila sentensi akaisoma kwa sauti. Nilibonyeza kitufe. Nilisema hakiki. Sikusema nyuma yako. Neno hilo likisemwa, mlinzi lazima aigeukie kamera na kuinua mkono. Aliinua kwa sababu nilimwamuru.

"Unajua unajitia mwenyewe kitanzini?" mpelelezi aliuliza.

"Najua. Wino uko wapi?"

Mpelelezi hakumwamini hivihivi. Mchana ule alimpeleka kwenye ghala jingine la kampuni hiyohiyo, akamficha nyuma ya lori, akamwomba mtazamaji wa zamu kwa simu aseme lile neno. Kipaza sauti kililia. Mlinzi wa pale, mzee mwenye mvi, aliacha geti wazi, akawapa mgongo watu wawili aliokuwa akiwakagua, akaitazama nguzo na kuinua mkono. Mmoja wa wale watu alikuwa na shoka begani. Alikuwa mpasua kuni. Mpelelezi alitazama kisogo cha mzee na lile shoka. Walirudi garini. Hapo akatukana, bila kumlenga mtu.

Siku ya sita pingu ilifunguliwa. Siku ya saba barua ya kampuni ilifika kijijini. Ilikuwa na mistari minne, na mkataba ulikufa katika mstari wa pili. Wiki hiyohiyo kampuni iliiondoa kanuni ya mkono katika malindo yake yote. Waraka wa kuiondoa haukutaja jina la mtu.

Wachapaji wanne walibaki ghalani, meza za watazamaji zikafunikwa kwa plastiki. Mawe yalianza kuangukia paa la Afande Ijumaa iliyofuata, mchana kweupe, wala warushaji hawakujificha. Mwanamke mmoja, ambaye mwanawe alikuwa ameacha kazi mjini ili arudi, alimmwagia Afande ndoo ya maji ya kuoshea vyombo alipokwenda kuchota maji. "Hiyo ni hakiki," alimwambia. "Inua mkono basi!" Waliokuwa kisimani walicheka. Kinyozi alimnyoa mume wa Afande nusu kichwa, akasema umeme umekatika.

Jumatatu, saa nne asubuhi, alikuja fundi seremala na shoka. Hakubisha hodi. Alianza na bawaba ya juu, akashuka. Mlango ule alikuwa ameutengeneza yeye, mbao nene za vipande vitatu, hivyo alijua pa kupiga. Afande alikuwa jikoni. Alichukua mwiko mkubwa wa chuma, akasimama katikati ya chumba akisubiri. Mlango ulipolala chini walitazamana, fundi anahema, vumbi la mbao limejaa kwenye ndevu.

"Ingia," Afande alisema. "Nakusubiri."

"Nikiingia nitaua."

"Ingia uue."

Fundi hakuingia. Alikata kizingiti vipande viwili, akakata na stuli iliyokuwa barazani, akaondoka akiburuta shoka, njia nzima likichora mstari kwenye vumbi. Siku tatu familia ililala na pazia mlangoni.

Siku ya nne mume alikwenda kumwita fundi. Hakuna fundi mwingine katika vijiji vitatu. Nini walichozungumza, wanajua wenyewe. Alikuja asubuhi na mbao, randa na boksi la misumari, hakusalimia mtu, akaanza kupima kizingiti. Afande alikuwa akimshikia mbao zisicheze wakati simu yake ilipoita. Alikuwa mke wa yule kijana.

"Ameruhusiwa," mwanamke alisema. Hakutaja vikombe wala makofi. "Waya bado upo, haongei. Ameandika swali kwenye karatasi, anataka nikusomee."

"Soma."

"Anauliza, uliwaona kwanza au uliniita kwanza?"

Fundi aliacha kugonga. Afande alijiegemeza kwenye ukuta.

"Niliwaona kwanza," alisema. "Niliwaona, nikataka kukuonya, mdomo ukatoa lile neno la kila siku. Mwambie hivyohivyo. Usimpunguzie."

Kule upande wa pili karatasi ikakwaruza, kalamu ikiwa ya mkono wa kushoto, usiozoea.

"Ameandika, sawa," mwanamke alisema. "Na ameandika usimpigie simu."

"Sitampigia."

Fundi alikuwa na misumari minne mdomoni. Aliitoa mmoja mmoja. "Umemwambia kwamba binti yangu ameondoka leo alfajiri?"

"Hapana."

"Kwa nini? Si ajue na yeye?"

"Yeye hakumfukuza. Nimemfukuza mimi."

Mzee alifuta misumari kwa shati. Kile kiti chenye mikono kilikuwa tayari kimerudi nyumbani kwa fundi. Watu walikuwa wamekiona kimefungwa juu ya baiskeli.

"Shika hapa," alisema, akamwonyesha ubao wa bawaba. "Vidole vyote. Usipoukaza utapinda."

Afande aliweka vidole vyake vyote juu ya ubao, akaukaza. Fundi aliinua nyundo, akamtazama usoni kidogo, kisha akagonga msumari.